Vidonge vya Njano

Mzee Sirili alirudi kutoka hospitali ya Moshi amekasirika kiasi cha kusahau kwamba yeye ni mgonjwa. Aliipanda njia ya Uru kwa miguu, mkono mmoja umeshika ubavu wa kulia, mwingine unapunga fimbo, na kila aliyemwamkia shikamoo njiani aliitikiwa marahaba kama mtu anayefukuzwa shambani. Alipofika nyumbani hakukaa. Alisimama mlangoni, akamtazama mkewe aliyekuwa akimenya ndizi za mtori, akasema:

"Lukresia, nimepangwa foleni nyuma ya panya."

Mama Lukresia akaweka kisu chini. Alidhani homa imempanda kichwani. "Nyuma ya nani?"

"Panya. Wale wenye mikia. Daktari amenibonyeza hapa, akasema nina uvimbe kwenye ini. Nikamwambia vizuri, nipe dawa niende nikapalilie kahawa yangu. Akasema kama uvimbe wenyewe ndio ule anaoudhani, dawa yake bado haijapatikana duniani. Iko moja anaijaribu, lakini wanaopewa kwanza ni panya. Panya wakipona, ndipo atafikiria watu."

"Na wasipopona?"

"Hapo aligeukia mgonjwa mwingine."

Zita, mkwe wao, aliyekuwa akiwakatia ng'ombe majani nyuma ya nyumba, alisogea mlangoni kusikiliza. Mzee Sirili alifurahi kuona wasikilizaji wameongezeka.

"Na mnamjua anayewahudumia hao panya? Anayewapelekea maji, anayewatandikia nyasi, anayewazolea mavi?" Fimbo ikamwelekea mwanawe Primus, ambaye ndiyo kwanza alikuwa akiegemeza baiskeli ukutani. "Huyu hapa. Daktari wenu."

Tangu aanze kazi mjini, Primus alikuwa akiwaambia watu wa nyumbani kwamba yuko maabara. Lilikuwa neno geni lenye utamu wake. Mama Lukresia alilipeleka kanisani, na kila Jumapili baada ya misa likawa linanenepa kidogo, mpaka wanawake wa Uru wakaanza kumletea Primus watoto wao wenye vidonda avitazame. Naye alivitazama, akakunja uso, akasema vioshwe kwa maji ya chumvi.

"Panya, Primus?" mama yake aliuliza taratibu.

"Panya weupe, mama," Primus alisema, kana kwamba weupe ungesaidia. "Wametoka Ulaya."

Zita aligeukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na mumewe hakumwuliza kama analia.

Kesho yake Mzee Sirili alikaa kwenye kibao cha nyuma cha baiskeli ya Primus, akateremshwa mjini kwenda kuwaona waliomtangulia.

Panya hawakuwa hospitali. Mkuu wa wauguzi alikuwa ameapa kwamba hawatakanyaga sakafu yake, kwa hiyo daktari alipanga nyumba ya mabati kule Pasua, akajaza vizimba vya waya kutoka sakafuni hadi darini. Daktari huyu aliitwa Pringle, lakini mji mzima ulimwita Bwana Panya. Asubuhi aliwatazama watu, na mchana aliwatazama panya. Kiswahili alijifunzia Unguja, kikamkaa sawasawa, tatizo ni kwamba huku mlimani watu wengi hawakukifikia.

"Starehe, mzee wangu," Bwana Pringle alisema, akamsogezea kiti. "Nakusihi usighadhibike."

Mzee Sirili akamgeukia mwanawe. "Anasema nini?"

"Anasema usikasirike."

"Mwambie nimeshakasirika tangu jana."

Alikwenda kizimba kwa kizimba, mikono nyuma, kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Panya walikuwa weupe kweli, macho mekundu, na wengi walikuwa wamelala juu ya nyasi safi. Mbele yao palikuwa na mahindi yaliyopondwa na maziwa kwenye visahani.

"Wanakunywa maziwa," alisema.

"Kidogo tu, baba," Primus alisema.

"Sijasema kidogo wala mengi. Nimesema wanakunywa maziwa." Akainama mbele ya panya mmoja aliyevimba tumbo. "Huyu aliugulia wapi?"

"Hapa hapa," Bwana Pringle alijibu. "Nilimpa maradhi mimi mwenyewe. Kuna rangi ya njano, zamani wenye viwanda wakiitia kwenye siagi ipendeze. Panya akiila muda mrefu, ini lake huota uvimbe. Ndipo nampa dawa."

"Unampa ugonjwa, halafu unamtafutia dawa?"

"Naam."

"Hawa wote unawapa dawa?"

"La. Nusu yao nawapa. Nusu nawaacha."

Mzee Sirili alinyooka. "Hao nusu wamekosa nini?"

"Hawana kosa lolote. Lakini nisipowaacha hawa, nitajuaje kwamba dawa ndiyo iliyowaponya wale? Huenda walikuwa wapone wenyewe."

Mzee alitaka kubisha, ila alikuta hana pa kushika. Hata yeye mwaka mmoja alitia samadi mstari mmoja wa kahawa na kuuacha wa pili, ili amwonyeshe mdogo wake Ndelilio nani mkulima. Akabadili swali. "Na utajuaje kwamba wamepona? Panya atakwambia?"

"Nawapasua, nitazame maini."

Mzee Sirili alishika ubavu wake kwa mikono miwili. Sasa alielewa kwa nini mtaa huu uliitwa Pasua.

"Nawe mzee," Bwana Pringle aliendelea kwa upole, "ungekubali nikuchome sindano ubavuni, nivute kidogo nione kilichomo, tungeacha kubahatisha. Leo hii ingewezekana."

"Sindano umewachoma hawa kwanza?"

"Hawa hawaihitaji."

"Basi nami siihitaji." Aligeuka kuondoka, ndipo akaona bakuli juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na vidonge, na vingine vilikuwa vimesagwa vikawa unga. Vilikuwa vya njano, njano ya kung'aa. Alisimama. "Dawa yenyewe ndiyo hii?"

"Ndiyo hii. Si dawa mpya. Ni ya malaria, askari wote walimeza wakati wa vita. Mimi nataka nione kama inaweza na jambo jingine. Lakini kwa ugonjwa wako, mzee, haijulikani. Huenda ikamdhuru mtu. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu," alisema Mzee Sirili, ambaye hakuwa tena akisikiliza. Alikuwa akiwaza juu ya jirani yake Filemon.

Filemon alipigana Burma, na tangu arudi hapakuwa na mtu wa Uru aliyekuwa hajasikia habari za Burma. Watu walimpenda, lakini wakimwona amekaa kwenye kigoda chake mbele ya nyumba walizunguka kwa njia ya mfereji, hata kama ni matope. Siku hiyo Mzee Sirili alipita mbele kabisa, tena akasimama.

"Meku, mzee mwenzangu!" Filemon aliita kwa furaha ya mtu ambaye hajapata mgeni wiki nzima. "Karibu, kaa."

"Filemon, vile vidonge vya njano mlivyokuwa mkimeza vitani. Ulirudi navyo?"

"Ninavyo mkebe mzima. Vya nini?"

"Malaria."

"Malaria huku juu kwenye baridi?"

"Nilipata mjini."

Filemon alimtazama kwa makini, akaingia ndani, akatoka na mkebe wa bati wenye kutu pembeni. Akauweka magotini pake, wala hakuufungua. "Sikuuzii," alisema. "Wewe ni jirani. Lakini dawa hii ina historia yake, na mtu haifai aimeze bila kuijua. Tulipofika mto ule wa kwanza, mvua ilikuwa inanyesha..."

Mzee Sirili alivuka mito yote ya Burma. Alijificha mahandakini, alibeba mzinga juu ya nyumbu, alimzika nyumbu. Ubavu ulikuwa unamchoma, na kila alipojaribu kunyoosha mkono kuelekea kwenye mkebe, Filemon aliusogeza kidogo na kufungua vita upya upande mwingine. Jua lilipokuwa linazama upande wa kilele cha Shira ndipo walipoachiwa na Wajapani, na mkebe ukabadili mikono.

"Usimwambie mtu kama nimekupa," Filemon alisema. "Ni mali ya jeshi."

"Nani, mimi? Nimenyamaza." Na huo ulikuwa ukweli. Hata Lukresia hakumwambia. Alificha mkebe chini ya magunia ya kahawa, akawa anameza kidonge asubuhi na kidonge jioni, vichungu kama nyongo ya kuku. Kila alipomeza aliwafikiria panya wa Pasua wanaomeza kile kile, akajisikia ameruka foleni.

Aliyeona kwanza ni Zita. Alikuwa akimmiminia baba mkwe maji ya kunawa, akaacha birika liendelee kumwaga mpaka maji yakajaa viatuni mwa mzee.

"Baba. Mikono yako."

Mzee Sirili aliitazama mikono yake kwenye mwanga. Viganja vilikuwa vya njano. Akapandisha shati, tumbo nalo lilikuwa njano. Mama Lukresia alikuja mbio, akamshika uso, akamgeuza huku na huku kama anayechagua papai, kisha akapiga ukelele uliovuka vihamba vitatu, migomba na kahawa za majirani.

Kila mtu alijua maana yake. Mtu mwenye ini bovu akishageuka njano, hana safari ndefu. Kabla mtori haujaiva ua ulikuwa umejaa watu. Wanawake walileta maziwa na majani ya kulalia wageni. Wanaume walikaa vikundi vikundi na kusema kwa sauti ya chini kwamba Sirili alikuwa mtu mwema, naye alikuwa kitandani hatua chache kutoka pale, akisikia kila neno.

Taabu ni kwamba alikuwa anaumwa kweli. Homa ilikuwa imepanda, ubavu ulikuwa umevimba kama umewekewa jiwe, na alishindwa kulala upande wowote. Lakini alijua pia rangi ile imetoka wapi. Filemon mwenyewe, katika mto wa tatu au wa nne, alikuwa amesema kwamba kikosi chao kizima kiligeuka njano mpaka adui akawadhani ni wenzake. Mzee Sirili alipaswa kusema. Kila alipofungua mdomo aliiona sura ya Primus, ambaye njiani kurudi kutoka Pasua alimwonya asiiguse dawa ile, na sura ya Filemon na mali yake ya jeshi, akaufunga.

Ndelilio, mdogo wake, aliingia akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa na huzuni ya kweli, ila macho yake yalikuwa yanakwenda kwenye koti lililoning'inia ukutani.

"Kaka," alisema, "lile koti lilikuwa la marehemu baba?"

"Ni langu. Nililinunua."

"Ni zuri. Halina hata pa kushona." Akajipima bega kwa kiganja. "Mabega yetu wewe na mimi ni sawasawa, eti?"

"Ndelilio, toka nje."

"Usijichoshe kaka, pumzika."

Mchana Padri alifika kutoka misheni kumpa mpako wa mwisho. Watu wote walitolewa nje ili mgonjwa aungame. Walipiga magoti uani, Mama Lukresia mbele yao, rozari mkononi. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Sirili ikinong'ona kwa muda mrefu, kisha kimya, kisha sauti ya Padri ikiuliza kitu kwa mshangao, kisha kimya tena. Halafu Padri akaanza kukohoa. Alikohoa sana.

Alipotoka alikuwa mwekundu usoni na macho yamejaa machozi, na wanawake walipoona hivyo walianza kulia.

"Nyamazeni," Padri alisema. "Mchukueni mumpeleke hospitali. Leo. Sasa hivi."

"Lakini Padri," Mama Lukresia alisema, "amegeuka njano. Kuna faida gani?"

"Mama, mimi nimefungwa na siri ya kitubio, sina ruhusa ya kusema hata neno moja." Alijikaza, midomo ikamtetemeka. "Nasema tu mpelekeni."

Walimbeba kwa machela ya miti na magome ya migomba, wanaume kwa zamu, mpaka Moshi. Ndelilio alijitolea kubeba koti.

Wodi ilikuwa ndefu, vitanda pande mbili, na ukutani palikuwa na picha ya Malkia ambayo bado ilikuwa mpya. Bwana Pringle alipofunua shuka na kuona rangi ya Mzee Sirili aliinama. Alimsugua ngozi kwa kidole, akakitazama kidole. Ile njano aliijua. Alikuwa anaiona kila siku kwenye ngozi na manyoya ya wale nusu waliobahatika.

"Primus," alisema bila kugeuka. "Umempa baba yako vidonge vyangu."

"Hapana, bwana."

"Ufunguo wa kabati unao nani?"

"Ninao mimi, bwana, lakini..."

"Nilikuamini." Kiswahili cha Unguja kilikuwa kimemwishia upole. "Kazi ya mwaka mzima imo kabatini mle. Na hii ingeweza kumwua mzazi wako. Weka ufunguo hapa, uende zako. Mimi sifanyi kazi na mwizi."

Wodi nzima ilisikia. Muuguzi aliyekuwa anatandika kitanda aliacha kutandika. Primus alitoa ufunguo mfukoni, ukamponyoka, akainama kuuokota chini ya kitanda cha baba yake, na alipoinuka hakumtazama mtu. Alitoka akitembea taratibu, kama mtu aliyebeba maji kichwani.

Katika kitanda cha pili alikuwapo mwalimu mmoja wa Machame, jina lake Eliufoo. Alikuwa amekonda mno isipokuwa tumbo, na njano yake haikufanana na ya mtu mwingine yeyote pale. Hata macho yalikuwa njano, kama kiini cha yai. Alikuwa ametazama yote.

"Mzee," alisema sasa kwa sauti ndogo, "yule kijana ni wako?"

"Ni wangu."

"Ameiba?"

Mzee Sirili alitazama mlango ambao Primus alikuwa ametokea. Alifikiria atakavyosimuliwa: Sirili wa Uru, mwenye kihamba na ng'ombe, mzee wa kanisa, aliiga panya. Wangelicheka Uru nzima, na Kibosho wangelisikia, na Old Moshi wangeongeza chumvi. Alifumba macho akajiinua kwa viwiko.

"Daktari!" aliita kwa sauti iliyowaamsha waliolala. "Rudi hapa. Mwanangu hajakuibia. Dawa nimemeza mimi, nimepewa na Filemon, ni ya Burma. Iko kwenye mkebe chini ya magunia yangu ya kahawa. Niliona panya wanapewa, nikasema na mimi ni nani."

Kisha mtu mmoja mwisho wa wodi akacheka puani, na wa pili akamfuata, na kicheko kikapita kitanda kwa kitanda mpaka kikamfikia Eliufoo, ambaye alicheka huku ameshika tumbo kwa maumivu. "Usinichekeshe, mzee," alisema. "Nitapasuka kabla daktari hajanipasua."

Bwana Pringle hakucheka. Alirudi kitandani, akavuta ukope wa chini wa Mzee Sirili kwa kidole gumba, akatazama, akavuta na wa jicho la pili. Macho yalikuwa meupe kama maziwa. Akageuka akayatazama macho ya Eliufoo, akarudi tena kwa Sirili.

"Njano hii ni ya dawa tu," alisema. "Ini lako linafanya kazi, mzee. Sasa nitakuchoma ile sindano, upende usipende."

Sindano ilikuwa ndefu kuliko Mzee Sirili alivyoiota. Ilipoingia ubavuni aliwaita watakatifu kwa majina. Bwana Pringle alivuta, na ndani ya kioo kikapanda kitu kizito, cha rangi ya kahawia, kingi, kikajaza bakuli.

"Ni nini hiki?" Mzee Sirili aliuliza akihema.

"Ni jipu, mzee. Vijidudu vya tumboni vimepanda kwenye ini vikafanya jipu. Si ule ugonjwa niliokuwa nauogopa. Hili tunalikamua, tunakupa sindano, unapona."

Mzee aliinua shingo akatazama bakuli. "Linafanana na kahawa."

"Linafanana, kweli."

"Hata ugonjwa wangu ni wa mkulima," alisema, akarudisha kichwa kwenye mto. Usingizi ulimchukua pale pale, kwa upande ambao alikuwa hajaulalia tangu mvua zianze.

Baada ya hapo alipata nafuu haraka, na pamoja na nafuu maswali. Alimwuliza Bwana Pringle kama vile vidonge vya Burma navyo vimesaidia. "Labda vimesaidia," daktari alisema, "labda havikusaidia. Sikuwa na Sirili wa pili ambaye hakupewa." Mzee aliona jibu hilo ni la haki.

Eliufoo ndiye aliyemwuliza maswali mengine. Kila asubuhi alifungua macho yake ya njano na kusema, "Mzee, panya wameamkaje?" Naye Sirili, ambaye alikuwa ameshamtuma mkewe kwa Bwana Pringle kupata habari, alimweleza: leo wamekula, leo wawili hawakuinuka. Eliufoo alisikiliza kama anayesomewa habari za watu wa kwao. Siku Mzee Sirili aliporuhusiwa kuondoka, walishikana mikono kwa muda mrefu. Mkono wa mwalimu ulikuwa mwepesi, na moto sana. "Ukisikia wamepona," Eliufoo alisema, "usinifiche." Wiki haikwisha, habari ikapanda mpaka Uru kwamba Eliufoo wa Machame amezikwa.

Bwana Pringle alimwita Primus arudi kazini. Alimpelekea neno kwa muuguzi, neno lenyewe fupi: njoo. Primus alikuwa tayari anapulizia baiskeli upepo, baba yake akamkalisha.

"Huendi."

"Baba, ameniita."

"Amekuita mwizi mbele ya wodi nzima. Sasa anakuita kama mbwa. Kuna kitu katikati hapo amekiruka." Akatuma jibu kwa muuguzi yule yule: kwao Uru mtu aliyemkosea mwenzake huja na jani la sale mkononi, akaomba msamaha mbele ya watu, na hilo halimwangalii mtu rangi.

Primus alitaka ardhi impasukie. Mama Lukresia alisema mzungu hatakuja, na kazi imekwenda. Zita alisema angalau sasa mume wake hanuki panya.

Bwana Pringle alikuja. Aliacha gari penye daraja, akapanda kwa miguu akiwa na suruali fupi, na mkononi hakuwa na jani. Alikuwa na mti mzima wa sale, na mizizi yake, na udongo unamdondokea viatuni. Alikuwa ameambiwa alete sale, naye hakutaka aonekane ameleta kidogo.

Ndelilio aliyekuwa uani, amevaa koti alilosahau kulirudisha, aliukazia macho ule mti. "Huo umeung'oa wapi?"

"Pale chini, kwenye kona ya shamba," Bwana Pringle alisema kwa fahari. "Ulikuwa umestawi vizuri."

"Hiyo sale ni mpaka wangu!" Ndelilio alipiga kelele. "Ameng'oa mpaka! Baba yangu aliupanda ule mpaka!"

Ilibidi Filemon amshike, wanaume wawili wakaenda na jembe kuurudisha mti pale pale shimo lilipokuwa, na wakati huo mgeni alikuwa amesimama katikati ya ua, mwekundu shingo nzima, na watu wazima wa Uru wakiuma midomo. Zita ndiye aliyemhurumia. Alichuma jani moja penye ua wao, akamwekea mkononi, akamwelekeza kwa kidevu aliko Primus.

"Primus," Bwana Pringle alisema, na safari hii alichagua maneno mepesi. "Nilikuita mwizi. Haikuwa kweli. Nisamehe."

Primus alilipokea jani kwa mikono miwili. "Yameisha, bwana," alisema.

Mbege, pombe ya ndizi, ikaletwa. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa tangu asubuhi, kwa kuwa Mzee Sirili hakuwa na shaka hata kidogo, au ndivyo alivyosema baadaye. Mgeni alipewa kiti chenye mgongo na kata iliyojaa, na Filemon akamsogelea kumwuliza kama amewahi kufika Burma. Mzee Sirili alimwokoa.

"Daktari, panya wanasemaje?"

Bwana Pringle aliitazama mbege yake. "Nimemaliza kuwapasua juzi. Waliopewa dawa na wasiopewa, maini yao yanafanana. Haikusaidia kitu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja." Alikunywa kidogo. "Kazi yote hii, mzee. Nimewaandikia wakubwa wangu kuwaomba nirudi kwenye kazi ya hospitali peke yake. Labda Mkuu wa wauguzi alikuwa na haki."

Uani watu waliweka kata zao chini, hata wale ambao hawakumwelewa. Mzee Sirili alikaa akijisugua ubavu mahali palipobaki kovu dogo la sindano. Alikuwa anamfikiria Eliufoo, alivyokuwa akifungua macho asubuhi.

"Yule mwalimu wa Machame," alisema, "alijua kwamba dawa yako haitamkuta. Mgonjwa hujua. Lakini kila siku aliniuliza habari za panya. Mimi nilidhani anauliza kwa ajili yake." Alimgeukia daktari. "Ana watoto, unajua? Watu wa ukoo wake wengi wamekufa na tumbo hilo hilo."

"Najua," Bwana Pringle alisema.

"Dawa nyingine zipo? Za zamani kama ile, ambazo hazijajaribiwa?"

"Zipo nyingi mno. Moja tu itakula mwaka."

"Na panya?"

"Walishazaa kabla sijatoka, baba," Primus alisema. "Vizimba vya chini vilikuwa vimejaa."

Mzee Sirili aliinuka. Aliinuka bila kushika ubavu, akamwendea mgeni, akamtoa kata mkononi kwa heshima zote.

"Basi umeshakunywa vya kutosha. Primus, chukua baiskeli yako umfuate na gari lake. Jua bado liko juu, kuna watu Pasua hawajapewa maji tangu asubuhi."

"Baba Primus!" Mama Lukresia aliruka. "Mgeni hajaonja hata nyama!"

"Mfungie aende nayo."

Mama Lukresia alifunga nyama kwenye jani la mgomba huku akinung'unika kwa Kichagga mambo ambayo, kwa bahati nzuri, hayafundishwi Unguja. Bwana Pringle aliaga watu mmoja mmoja. Akafika kwa Mzee Sirili, wakatazamana, na daktari akamshika mkono. Kisha akashika njia ya kuteremka na furushi lake kwapani, haraka, karibu anakimbia, na Primus nyuma yake anasukuma baiskeli.

Zita alisimama kando ya baba mkwe wakiwatazama mpaka migomba ikawameza.

"Baba," alisema, "leo umemfukuza mzungu nyumbani kwako."

"Sijamfukuza," Mzee Sirili alisema. "Nimemtuma."